Kuipata na kuishika timu ya wanaume: mwongozo kwa mwanamke kocha wa Nakuru, Kisumu na Magharibi mwa Kenya

Mwaka 2024 klabu ya FC Talanta ilimkabidhi Jackline Juma kikosi chake cha kwanza, naye akawa mwanamke wa kwanza kuwa kocha mkuu wa timu ya Ligi Kuu ya wanaume nchini Kenya. Kwa hiyo hakuna haja ya kuanza hapa kwa kubishana iwapo mwanamke anaiweza kazi hiyo. Kilichobaki ni utaratibu wake: mwalimu anayefundisha timu ya wasichana Butere, kocha msaidizi wa timu ya daraja la chini mjini Nakuru, au mama anayewanoa vijana wa Nyalenda kila jioni, aanzie wapi, awe na karatasi zipi, aketi na nani, na akishapewa timu aiendeshe vipi hadi msimu uishe akiwa bado anaiongoza.

Ukifuatilia habari za wanawake waliowahi kupewa timu za wanaume za kulipwa, utaona kwamba ni nadra kusikia wameangushwa na wachezaji. Carolina Morace alipewa Viterbese ya daraja la tatu nchini Italia mwaka 1999 akajiuzulu baada ya mechi mbili tu, kwa kutoelewana na mwenye klabu. Helena Costa wa Ureno alitangazwa kuwa kocha wa Clermont, timu ya daraja la pili Ufaransa, mwezi Mei 2014, akaondoka mwezi uliofuata kabla ya ligi kuanza, akilalamika kwamba mechi za kirafiki na usajili wa wachezaji vilikuwa vikipangwa pasipo yeye kushirikishwa. Klabu hiyo hiyo ikamchukua Corinne Diacre, na yeye akakaa hadi 2017, alipoondoka kwenda kuifundisha timu ya taifa ya wanawake ya Ufaransa. Morace na Costa walishindwa ofisini, kwenye swali la nani ana neno la mwisho juu ya timu. Ndiyo maana sehemu ya mkataba katika mwongozo huu ni ndefu kuliko ya mazoezi, ingawa najua wengi wenu mngependelea kinyume chake.

Leseni

Ngazi za leseni za Shirikisho la Soka Afrika, CAF, ni D, C, B, A na ile ya juu kabisa ya Pro. Nchini Kenya kozi za ngazi za chini huendeshwa kupitia shirikisho la taifa, FKF, na tangazo lake hupita kwenye matawi ya kaunti. Kwa kawaida huwezi kuruka ngazi, na baada ya kila moja unatakiwa uwe umefanya kazi ya ukocha kwa muda kabla ya kukubaliwa katika inayofuata. Hesabu basi miaka, wala usihesabu miezi. Kumbuka pia kwamba ratiba haiko mikononi mwako: FIFA ilipoifungia Kenya kuanzia Februari hadi Novemba 2022, shughuli nyingi za soka zilizotegemea FIFA na CAF zilisimama, na kocha aliyekuwa akingojea nafasi aliendelea kungojea.

Katibu wa tawi lako akujue kwa jina na kwa kazi. Weka pamoja nakala za kitambulisho, cheti cha KCSE, cheti cha huduma ya kwanza na barua za klabu ulizofanyia kazi zenye tarehe na mhuri, kwa kuwa nafasi zikitangazwa muda wa kuomba huwa mfupi na anayetafuta mhuri siku hiyo huachwa nje. FIFA ina mpango wa kugharamia masomo ya ukocha kwa wanawake, na ukiipata nafasi hiyo ichukue. Hata hivyo, usizikwepe kozi za mchanganyiko. Wanaume utakaoketi nao darasani ndio watakaokuwa makocha wasaidizi, mameneja wa timu na marafiki wa wenyeviti kwa miaka kumi ijayo, na mwenyekiti akitafuta kocha mara nyingi huanza kwa kupiga simu kabla ya kutangaza nafasi. Ni vyema mmoja wao awe amekuona ukieleza jinsi ya kumkaba winga mwenye mbio.

Leseni ina uzito mwingine ambao si wa heshima tu. Mwaka 2020 kocha wa kigeni wa Gor Mahia alizuiwa kukaa kwenye benchi katika mashindano ya klabu ya Afrika kwa sababu hakuwa na leseni iliyotakiwa na CAF, na klabu ikalazimika kutafuta mtu mwingine kwa haraka. Mwanamke mwenye leseni A mkononi anamtatulia mwenyekiti tatizo ambalo mwanamume maarufu asiye nayo humletea. Siku ya mahojiano liseme jambo hilo kwa sauti ya kawaida, kisha uendelee na mengine.

Kuzoea kazi ya timu za wanaume

Angalia walikotoka waliopewa timu hizo miaka ya karibuni. Sabrina Wittmann alikuwa akiwafundisha vijana wa chini ya miaka 19 wa Ingolstadt alipokabidhiwa kikosi cha kwanza cha daraja la tatu Ujerumani mwezi Mei 2024. Hannah Dingley aliongoza chuo cha vijana cha Forest Green Rovers kabla ya kuwa kaimu kocha hapo Julai 2023. Marie-Louise Eta alitoka kwa vijana wa Union Berlin akawa msaidizi katika Bundesliga mwaka huo huo. Chan Yuen-ting, aliyeipa Eastern ubingwa wa Hong Kong msimu wa 2015–16 akiwa na umri wa miaka 27, alianza kama mchambuzi wa takwimu za mechi. Klabu ziliwapa timu watu ambao tayari walikuwa wakionekana kila siku wakiifanya kazi.

Kwetu, mlango unaofanana na huo ni shule. Timu za wavulana za Kakamega School, Musingu, St. Anthony's Kitale na Kisumu Day zimekuwa kisima cha wachezaji wa Ligi Kuu kwa miongo mingi, na mwalimu wa kike aliye na leseni hazuiwi na kanuni yoyote kuinoa timu ya wavulana. Kinachomzuia kwa kawaida ni mazoea ya kugawa kazi: mwalimu wa kike hupewa voliboli, netiboli au timu ya wasichana kabla hajaulizwa anachotaka. Basi uliza wewe, mapema, mwanzoni mwa mwaka, na ukubali kuanza na kidato cha kwanza na cha pili. Asiye mwalimu na aende kwenye ligi za chini za FKF, ambako klabu hukosa watu na hushukuru kila anayefika mazoezini kwa wakati.

Nikisema hivyo simaanishi kwamba soka ya wanawake ni chumba cha kungojea. Vihiga Queens walikuwa miongoni mwa klabu nane za kwanza kabisa kucheza Ligi ya Mabingwa ya Wanawake ya CAF mwaka 2021. (Aliyewafundisha alikuwa mwanamume, na hakuna aliyemwuliza ataingiaje kwenye chumba cha wasichana.) Nasema tu kwamba mwenyekiti wa timu ya wanaume atakuuliza umewahi kuwafundisha wanaume wapi, na jibu linalomridhisha ni lile lenye jina la timu, mwaka na nafasi iliyomaliza kwenye jedwali.

Ikiwa hakuna klabu iliyo tayari kukupa timu, ipelekee kitu isichokuwa nacho. Klabu nyingi za kanda hii hazina mtu wa kuchambua mechi. Pata simu yenye kamera nzuri na kijiti cha kuisimamisha, panda sehemu ya juu kabisa ya jukwaa la uwanja wa Bukhungu, Kakamega, au wa Afraha, Nakuru, urekodi mechi nzima bila kuufuata mpira kwa karibu, ili safu zote ziendelee kuonekana. Nyumbani, chora uwanja kwenye daftari na uugawe kwa mistari miwili ya upana na miwili ya urefu, upate vyumba tisa. Kila mara timu inapopoteza mpira, andika dakika, chumba ulimopotelea na kilichofuata: adui alipiga shuti, alipata kona, au beki aliuokoa. Baada ya mechi tatu picha itajichora yenyewe. Utaweza kumwambia kocha kwamba mashuti mengi anayopigiwa yanaanzia mpira unaopotea katikati ya uwanja upande wa kulia, pale ambapo kiungo wake hupokea pasi akiwa ameupa mgongo uwanja. Mpe karatasi moja, isizidi hapo, wala usiiweke kwenye mitandao. Kocha aliyesaidiwa kimyakimya hivyo ndiye atakayekuita uwe msaidizi wake.

Klabu unayoiendea

Kila klabu ina namna yake ya kutawaliwa, na usipoijua utakuwa unaongea na mtu asiye na uamuzi. Klabu za mashabiki kama Gor Mahia, AFC Leopards na Shabana zina wanachama, uchaguzi na makundi. Mwenyekiti anayekuajiri leo ana wapinzani watakaokutumia wewe kumpiga yeye. Klabu za kampuni, zikiwemo zile zilizoanzishwa na viwanda vya sukari, hutegemea afya ya kiwanda, na miwa ikikosekana mshahara nao huchelewa. Klabu za vikosi vya usalama, mfano wa Ulinzi Stars ambayo kwa miaka mingi ilikuwa na makao Nakuru, zina amri za kijeshi na wachezaji walio askari, kwa hiyo nidhamu ni rahisi lakini wa kukubali kocha ni mkubwa wa jeshi. Klabu zinazobebwa na kaunti au na tajiri mmoja hubadilika uchaguzi ukibadilisha watu.

Kabla ya mahojiano mpigie simu kocha aliyeondoka. Wengi hujibu wakiulizwa kwa adabu. Muulize ni nani aliyekuwa akimpigia asubuhi ya mechi, mshahara ulifika tarehe ngapi, na ni wachezaji wangapi aliowakuta wamesajiliwa bila yeye kujua. Majibu hayo yatakuambia mengi kuliko hotuba ya kamati.

Katika mahojiano yenyewe, peleka mpango unaoonyesha kwamba unaijua timu hii na uwanja huu. Nakuru iko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,800 na Kisumu kwa takriban mita 1,130, na timu inayotoka kando ya ziwa kwenda kucheza Afraha hukosa pumzi katika nusu saa ya mwisho ikiwa ilianza mechi kwa kukaba kila mahali. Kakamega mvua ya alasiri huufanya uwanja kuwa mzito katika miezi mingi ya mwaka, na timu inayopiga pasi fupi chini hupaswa kuwa na njia nyingine. Eleza utakavyocheza nyumbani, utakavyocheza ugenini na ni wachezaji gani waliopo wanaofaa kwa kila hali, ukiwataja kwa nafasi zao. Kamati ikikuuliza utawadhibiti vipi wanaume, jibu kwa sentensi moja kwamba utawadhibiti kwa ratiba, kwa haki katika uteuzi na kwa faini zilizoandikwa, kisha urudi kwenye mpira. Ukilijibu swali hilo kwa dakika kumi utakuwa umewafundisha kwamba ndilo swali lenyewe.

Mkataba

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inataka mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi. Klabu nyingi bado huajiri kwa kupeana mikono na picha ya jezi, na kocha akidai karatasi huambiwa kwamba itafuata. Usikubali kuongoza hata zoezi moja kabla haijafuata. Kataa vilevile mkataba unaokuita mshauri huku kazi yako ikiwa ya mwajiriwa wa kila siku, maana jina hilo huwekwa ili haki za mwajiriwa zisikufikie.

Kifungu cha kwanza cha kupigania ni cha mamlaka, na kinatangulia mshahara. Unaweza kupeleka rasimu yako mwenyewe, kwa mfano hivi: «Kocha Mkuu ndiye atakayechagua wachezaji wa kuanza, wa akiba na wa kubadilishwa katika mechi zote za ligi, za kombe na za kirafiki. Hakuna mechi ya kirafiki itakayokubaliwa, wala mchezaji atakayesajiliwa, kuazimwa au kuachiliwa, kabla Kocha Mkuu hajatoa maoni yake kwa maandishi. Kocha msaidizi, kocha wa makipa na mtaalamu wa viungo wataajiriwa au kuondolewa kwa makubaliano na Kocha Mkuu.» Mwenye klabu atasita kwenye sentensi ya pili, naye ana sababu, kwa kuwa fedha ni zake. Ndiyo maana rasimu haisemi kwamba idhini ni yako. Inasema maoni yako yatakuwepo kwenye faili. Siku straika uliyemkataa atakapokosa mabao, faili hiyo itakuokoa. Lakini sentensi ya kwanza usiipunguze hata neno. Klabu isiyoweza kuitia saini imekwisha kukuambia nani atakayechagua timu, na ni heri kulijua hilo ofisini kuliko kulijua dakika arobaini kabla ya mechi, pale meneja atakapokuletea orodha iliyoandikwa na mtu mwingine.

Mshahara wako ulinganishe na wa kocha aliyekutangulia na wa makocha wa timu zilizo karibu nawe kwenye jedwali. Sheria hiyo hiyo inakataza ubaguzi wa jinsia kazini na inaamuru malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Hoja ya kwamba wewe bado unajifunza hapo si hoja ya kisheria. Kila kocha anajifunza. Andikeni tarehe ya malipo, posho ya ushindi na ya sare, nyumba au nauli, na bima ya matibabu. Ikiwa unatazamia kupata mtoto, fahamu kwamba likizo ya uzazi ni miezi mitatu yenye mshahara kamili, kwamba mwanamke ana haki ya kurudi kwenye kazi yake baada ya likizo, na kwamba ujauzito hauwezi kuwa sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Katika msimu wa soka miezi mitatu ni mingi, kwa hiyo ni busara mkubaliane tangu mwanzo kwamba msaidizi atakuwa kaimu katika kipindi hicho na kwamba ukaimu huo una tarehe ya mwisho.

Ukaimu wenyewe unahitaji tahadhari ya pekee, kwa kuwa ndio mlango ambao wanawake wengi hufunguliwa. Dingley alipopewa Forest Green magazeti ya dunia nzima yaliandika kwamba ndiye mwanamke wa kwanza kuongoza timu ya wanaume ya kulipwa Uingereza. Majuma machache baadaye klabu ikaajiri mwanamume, bila yeye kusimamia mechi hata moja ya ligi. Wittmann naye alianza kama kaimu, kisha akathibitishwa. Hakuna njia ya kujua mapema utakuwa yupi kati ya hao wawili, lakini unaweza kudai barua ya ukaimu yenye mambo manne: tarehe ya mwisho, mshahara wa kocha mkuu kwa siku zote za ukaimu, kipimo kitakachotumika kukuthibitisha, na ahadi kwamba ukirudi nyuma kazi yako ya zamani ipo. Bila barua hiyo klabu itapata picha za gazeti na wewe utapata lawama za timu iliyokuwa ikishuka daraja kabla hujafika.

Wiki za kwanza

Msaidizi wako huenda alikuwa akiitazamia kazi hii. Onana naye kabla ya kuonana na wachezaji, ana kwa ana, na umwambie kazi gani zitakuwa zake bila wewe kuingilia: kwa mfano mipira ya adhabu na kona, au mazoezi ya mabeki. Msaidizi mwenye eneo lake hufanya kazi. Asiye na eneo huenda kukaa na wachezaji wasiopangwa, na huko ndiko maasi yanakopikwa. Nahodha naye mwone peke yake na umuulize mambo mawili tu, kitu ambacho timu ingependa kiendelee na kitu ambacho ingependa kikome.

Zoezi la kwanza litatazamwa kuliko mechi ya kwanza. Fika mapema, koni ziwe zimepangwa kabla mchezaji wa kwanza hajavaa viatu, na hotuba isizidi dakika mbili. Ninachopendekeza ni wachezaji sita dhidi ya wanne katika eneo la mita thelathini kwa ishirini: sita wanamiliki mpira, wanne wakiunyakua wana sekunde sita za kufunga katika mojawapo ya magoli mawili madogo, na sita wana sekunde hizo hizo za kuurejesha. Zoezi hilo huonyesha mara moja nani anafikiri haraka, nani anakata tamaa akipoteza mpira na nani anawaongoza wenzake kwa sauti. Simamisha mchezo mara chache, na kila ukiusimamisha msogeze mchezaji kwa hatua mbili au tatu mahali alipopaswa kuwa, kisha mpira uanze upya kutoka hapo. Mchezaji wa kulipwa anamheshimu anayemwonyesha kitu ambacho hakukiona. Malizia kwa dakika uliyoiandika ubaoni, hata kama wanaomba kuendelea.

Kisha kuna suala la chumba cha kubadilishia nguo, ambalo waandishi wa habari hulipenda kupita kiasi. Linamalizwa kwa saa. Tuseme mechi inaanza saa tisa alasiri. Maelezo ya mbinu yatolewe hotelini, au darasani ikiwa mmelala shuleni, kabla ya kupanda basi, wote wakiwa wamevaa. Uwanjani wachezaji huingia chumbani na msaidizi na mtunza vifaa. Baada ya kupasha misuli, ifikapo saa nane na dakika hamsini kila mtu awe na jezi mwilini. Mtunza vifaa anafungua mlango, unaingia, unasema maneno mawili na mnatoka pamoja. Wakati wa mapumziko, dakika nne za kwanza ni zao: wanywe maji, wabadilishe fulana zilizolowa, wafungwe bendeji, wagombane ikibidi. Wewe uko nje ya mlango na msaidizi na daftari, mnachagua mambo mawili ya kurekebisha. Dakika ya tano unaingia, unasema hayo mawili, unataja mabadiliko kama yapo, na unatoka kabla ya dakika kumi na mbili. Makocha wengi wanaume wangefaidika na utaratibu huu, kwa kuwa mchezaji aliyetoka kukimbia dakika arobaini na tano hasikii lolote katika dakika mbili za kwanza.

Mikutano ya mchezaji mmoja mmoja fanyia mahali penye watu wanaopita, mlango ukiwa wazi au msaidizi akiwepo. Ujumbe wa kazi upite kwenye kundi la timu au kwa meneja, si kwa simu ya mchezaji usiku. Mkisafiri, orodha ya vyumba iandikwe na meneja na chumba chako kiwe kwenye ghorofa moja na benchi la ufundi. Hili nalisema waziwazi kwa sababu silaha ya kwanza ya anayekutaka uondoke itakuwa uvumi kuhusu wewe na mchezaji fulani, na uvumi haukanushwi kwa hasira. Uvumi hukosa pa kushika tu ikiwa utaratibu wako ulijulikana na wote tangu siku ya kwanza. Mwajiri mwenye wafanyakazi ishirini au zaidi anatakiwa na sheria kuwa na sera ya maandishi dhidi ya unyanyasaji wa kingono. Iombe, uisome, na uihifadhi, maana inakulinda wewe na inawalinda wachezaji.

Kelele za jukwaani

Mashabiki watakuita mama timu ikishinda na watakutuma jikoni ikifungwa. Baada ya mechi zungumzia mechi. Ukiulizwa unajisikiaje kuwa mwanamke katika kazi hii, jibu mara moja katika msimu, kwa kirefu, kwa mwandishi unayemwamini, na baada ya hapo waelekeze wengine kwenye mahojiano hayo. Redio za lugha za nyumbani zina nguvu kuliko magazeti katika kanda hii, kwa hiyo zisikose kabisa sauti yako. Kipindi kimoja cha asubuhi kabla ya msimu kuanza kinatosha. Matusi ya mitandaoni yasomwe na mtu mwingine. Vitisho vipelekwe polisi na nambari ya taarifa ihifadhiwe.

Matokeo yakikataa

Diacre alipoteza mechi yake ya kwanza ya ligi ugenini Brest kwa mabao 2–1, na msimu ule Clermont ikamaliza ya 12. Msimu uliofuata ikawa ya 7. Chan, baada ya kutwaa ubingwa, aliipeleka Eastern kwenye Ligi ya Mabingwa ya Asia mwaka 2017 ikafungwa 7–0 na Guangzhou Evergrande katika mechi ya kwanza. Mambo hayo humpata kila kocha. Mwanamke anachopaswa kukizuia ni kupimwa kwa kipimo kifupi kuliko cha wengine, na njia ya kukizuia ni kuomba kikao cha tathmini kila baada ya mechi sita au saba, timu ikishinda au ikishindwa, na kumbukumbu zake zitiwe saini. Peleka kwenye kikao hicho karatasi ya vyumba tisa, orodha ya majeruhi na tarehe ambazo mishahara ya wachezaji ilichelewa. Timu isiyolipwa haikimbii, na ni haki yako hilo liandikwe.

Ikiwa uamuzi wa kukuondoa umefanywa, utaitwa kwenye kikao cha ghafla na kuombwa utie saini barua ya kujiuzulu ili, kama watakavyosema, kulinda jina lako. Usiitie saini siku hiyo. Anayejiuzulu hupoteza sehemu kubwa ya anachodai. Sheria ya Ajira inamtaka mwajiri anayemwachisha mtu kazi kwa utendaji duni amweleze sababu katika lugha anayoielewa na amsikilize, akiwa na mwenzake wa kazi aliyemchagua mwenyewe. Chukua nakala, nenda nyumbani, soma kifungu cha notisi na hesabu ya posho ambazo hazijalipwa, kisha jibu kwa maandishi. Mzozo usipomalizika kwa mazungumzo unaweza kufikishwa kwenye Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo husikiliza kesi Kisumu na Nakuru pia, na muda wa kufungua dai ni miaka mitatu. Dai vilevile cheti cha utumishi, ambacho mwajiri analazimika kukitoa hata kama mmeachana kwa ubaya, na hakikisha kinataja cheo chako kuwa kocha mkuu, na tarehe ulizoanza na kumaliza, kwa kuwa ndicho kitakachoulizwa na tawi siku ya kuomba kozi inayofuata na pia na mwenyekiti wa klabu inayofuata.